Miguu Iliyojaa Si Dalili ya Shibe

Ndugu mkulima, ukitaka kuuza mbuzi humtazami kwa mbali tu. Wamshika mgongo na kumpapasa mbavu, ukajua kama amenona kweli au ni manyoya matupu. Wewe unayelima muhogo huko Mtongwe au Mwakirunge, au unayefanya kazi Changamwe na kupanda mchicha nyuma ya nyumba, ni lini ulipomshika mtoto wako namna hiyo?

Jicho hudanganya. Mtoto aliyekonda, kila mtu humwona. Lakini yuko mwingine ambaye lishe mbaya humvimbisha: miguu yajaa, uso wajaa, tumbo latokeza, nywele zapoteza weusi na kung'oka upesi. Jirani akipita husema, "Huyu ameshiba!" Kumbe yu hatarini sana. Ugonjwa huo ni kwashiakoo. Jina hilo ni la Waga wa Ghana, na Daktari Cicely Williams ndiye aliyelitangaza kwa madaktari wenzake mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa umpatao mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa.

Hapa pwani hatukungoja kuambiwa na mtu. Wadigo na Wagiriama wana neno chirwa, na Waswahili husema mtoto amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko kabla mtoto hajaacha ziwa. Wazee waliona sawasawa kwamba mama akichukua mimba mapema, mtoto aliye mgongoni hudhoofu. Ila kinachomdhoofisha si mwiko. Amenyang'anywa ziwa, na mahali pake pamewekwa uji mtupu wa muhogo, ambao hujaza tumbo lakini haujengi mwili. Ubaya wa neno hili ni aibu yake. Mama anayeogopa kusemwa humfunika mtoto leso, humficha ndani, na siku zapita. Mama, usimfiche. Utepe wa kupimia hauulizi mambo ya chumbani.

Utepe huo una rangi tatu, nao ni wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Wanao wauguzi wa kliniki, na pia wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliogawiwa mikoba ya vifaa na Serikali mwaka 2023. Mwombe mmoja akufundishe. Mkono wa kushoto wa mtoto uning'inie, tafuta katikati ya bega na kisugudi, zungusha utepe pasipo kubana wala kulegeza. Kijani, yaani sentimita 12.5 na zaidi, ni salama. Manjano, ameanza kupungukiwa. Mpeleke kliniki juma hilohilo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, usingoje kesho.

Kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, uhesabu mpaka tatu. Kikibaki kishimo miguu yote miwili, nenda hospitali siku ileile, hata kama utepe umeonyesha kijani. Likoni ipo hospitali, na Changamwe ipo ya Port Reitz. Akipewa vile vifuko vya njugu zilizosagwa na maziwa, hiyo ni dawa yake peke yake. Ndugu zake wasigawiwe.

Ama chakula cha kila siku, shamba lako linacho. Katika uji tia unga wa njugu au dagaa waliopondwa, na juu ya muhogo weka kunde, mchicha na tui. Wapo wauzao mayai yote ya kuku wao wapate kununua soda. Biashara hiyo mimi siifahamu.

Sasa mtazame na bibi yake. Akikonda twasema, "Ni uzee." Si kweli. Mzee wa kilo 60 akipungua zaidi ya kilo 3 katika miezi sita, naye hakukusudia, ana jambo, na daktari ndiye wa kulitafuta. Usipokuwa na mizani, tazama pete inayoteleza kidoleni na mkanda uliotobolewa tundu jipya. Utepe wa fundi cherehani nao wafaa: zungusha shavu la mguu mahali palipo panene, likiwa chini ya sentimita 31, mpeleke akapimwe. Pima kila mwezi, andika tarehe, kama unavyoandika tarehe ya kupanda.

Huenda ni meno tu. Asiye na meno hawezi njugu za kukaanga. Mpondee, mchemshie samaki mpaka alainike. Na asile peke yake chumbani. Akiletewa sahani huko, hula matonge mawili na kusema ameshiba. Basi muulizeni mtoto aliyeiondoa sahani, imerudi na nini.