Je, Wajua? Zulia Huuawa na Usichokiona

Idi ikikaribia, au Krismasi, mazulia ya mtaa mzima hupelekwa kwa vijana wanaoosha magari. Zulia hutandazwa kwenye sakafu ya saruji, likamwagiwa sabuni ya unga, likasuguliwa kwa brashi ngumu, likapigwa maji ya presha, kisha likatundikwa ukutani siku mbili tatu. Mwenyewe akija kulichukua hulinusa na kusema: "Limetakata." Mimi husema limepunguziwa umri.

Adui wa zulia si uchafu unaouona, ni mchanga usiouona. Chembe ya mchanga ni nzito, kwa hiyo haikai juu ya nyuzi. Huteremka mpaka kwenye shina, pale uzi unaposhikana na mgongo wa zulia, ikatulia. Mchanga mwingi wa nchi kavu ni kwatzi, madini magumu kuliko kisu cha jikoni, na kingo zake zina ncha. Kila unapokanyaga, nyuzi hulala na kusugua zile ncha. Hatua moja si kitu, lakini njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi hukanyagwa mchana kutwa. Ndiyo maana zulia hunyonyoka kwa ramani: ukiliangalia utajua watu wa nyumba hiyo hupita wapi na nani hukaa wapi.

Huamini? Lifagie zulia lako vizuri, kisha ligeuze kifudifudi kwenye sakafu iliyopigwa deki ikakauka. Lipige mgongoni kwa kiganja, mara ishirini hivi, halafu inua ncha moja. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta mchanga wa kujaza nusu kikombe cha kahawa, na zulia lilikuwa limefagiliwa asubuhi ileile. Fagio lilikuwa limeondoa makombo na kuusukuma mchanga chini zaidi.

Na muda wenyewe si muuaji. Zulia la kale kuliko yote yanayojulikana kubaki karibu zima lina miaka ipatayo 2,400. Mwanaakiolojia Sergei Rudenko alilifukua mwaka 1949 katika kaburi la Pazyryk, kwenye milima ya Altai, Siberia, na leo limo katika makumbusho ya Hermitage, St Petersburg. Maji yaliingia kaburini yakaganda, zulia likalala ndani ya barafu. Wapanda farasi na paa waliofumwa humo bado wanaonekana. Siri yake ni baridi, na kwamba humo hakuna aliyelikanyaga.

Sasa tuje kwenye doa la chai, lile linalosuguliwa likatoka, kesho yake likarudi palepale. Si uchawi. Kumbuka utambi wa koroboi: mafuta yako chini, moto uko juu, na uzi ndio ngazi. Chai ikimwagika huzama hadi mgongoni. Wewe unasafisha ncha za nyuzi tu. Ncha zikikauka, unyevu wa chini hupanda kuelekea juu, umebeba rangi ya chai, kisha maji yanapaa na rangi inabaki. Ukiongeza maji na kusugua, umeongeza mafuta kwenye koroboi. Dawa yake ni kukandamiza kitambaa kikavu, ubadilishe kingine, kisha uweke taulo lililokunjwa na kitu kizito juu yake usiku kucha. Sabuni nayo isizidi kama ya wale waosha magari: ile isiyosuuzika hubaki ikinata, na kila vumbi linalopita hukamatwa.

Mazulia mengi tunayonunua ni ya polipropilini, plastiki nyepesi kuliko maji. Hailiwi na nondo wala hainywi chai, ila hupenda mafuta, na jua kali huidhoofisha ikawa ya kukatika. Ukitaka kujua la kwako ni lipi, chomoa uzi mmoja pembeni, utoke nao nje uuchome: sufu hunuka nywele zilizoungua, plastiki huyeyuka ikafanya kidonge. Kidonge hicho ndicho kinachoniudhi. Mkeka wa ukindu ukichakaa hurudi udongoni. Zulia la plastiki likichakaa hutupwa mtaroni, mvua ikinyesha linaziba maji, nasi tunailaumu halmashauri.

Kwa hiyo lidumu, basi. Kila baada ya wiki, ligeuze ulipige mgongoni. Ligeuze pia pande, wa mlangoni uende dirishani, mara mbili kwa mwaka. Weka gunia au kitambaa kigumu mlangoni, nje na ndani. Miguu ya meza ivalishwe vipande vya ndala kuukuu. Likilowa, likauke kivulini penye upepo. Na viatu, jamani, viishie mlangoni.