Mwili Uliodhulumiwa Vitani, na Mazoezi Yanayourudisha kwa Mwenyewe

Vita vikisha, watu huhesabu maiti, waliokatika viungo, na nyumba zilizoteketea. Liko jeraha moja ambalo aghalabu halihesabiwi, kwani mwenye nalo hulificha, na jamaa zake humsaidia kulificha. Nalo ni jeraha la mwanamke aliyenajisiwa vitani. Na miongoni mwao wako ambao mzigo wao ni mzito zaidi: wale ambao wenyewe walikuwa askari, ama kwa kujiandikisha kwa hiari, ama kwa kutekwa na kushikishwa bunduki, kisha wakadhulumiwa na watu wa upande wao wenyewe, waliokuwa wakila nao chungu kimoja.

Makala haya yakusudia kueleza jambo moja katika kuwatibu wanawake hao, nalo ni mazoezi ya viungo: yanavyofaa, yanavyoweza kudhuru, na sharti lililo kubwa kuliko yote. Msomaji wa Nyashimo, au wa Bariadi, asiseme kwamba habari hii ni ya mbali. Ziwa tunalovua dagaa ndilo wanalovua Waganda, na ng'ambo ya jirani zetu iko Kongo ambayo haijapumzika. Tena dhuluma hii haingoji vita. Yaweza kumpata binti wa watu njiani aendako kuchota maji, na dawa ya moyo wake ni ile ile.

WALIOSHIKISHWA BUNDUKI UGANDA

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2006 nchi ya kaskazini ya Uganda iliteswa na kundi la Joseph Kony liitwalo Lord's Resistance Army. Kundi hilo lilijaza safu zake kwa kuteka watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 liliingia katika shule ya wasichana ya St. Mary's College, Aboke, likachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule hiyo, aliwafuata msituni kwa miguu, akawasihi watekaji, akarudi na wasichana 109. Waliosalia 30 walibakizwa.

Wasichana waliotekwa na kundi hilo, wa Aboke na wa vijiji vingi visivyotajwa, walibebeshwa mizigo, wengine wakafundishwa kupigana, na wakigawiwa makamanda wawe eti wake zao. Waliorudi walirudi na watoto mgongoni, na baadhi ya majirani wakawaita wake wa waasi. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kamanda mmoja, Dominic Ongwen, ambaye mwenyewe alitekwa angali mtoto. Miongoni mwa makosa yake yalitajwa ndoa za kulazimishwa na mimba za kulazimishwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Hivyo sheria ilitamka wazi kwamba wanawake wale hawakuwa wake wa mtu, bali walikuwa wametendewa jinai.

Lakini hukumu ya mahakama haimpi mtu usingizi. Mwanamke yuko nyumbani kwao, salama, na bado mlango ukigongwa kwa nguvu huruka. Mtu akimjia kwa nyuma, hutetemeka. Wengine huona mwili wao kama nyumba ya mtu mwingine, nao wapita tu. Hali hii waganga waiita kiwewe.

MWILI UNA KUMBUKUMBU YAKE

Mwenyezi Mungu ameumba katika mwili wa mwanadamu ulinzi wa ajabu. Hatari ikitokea, moyo hupiga mbio, pumzi hukatika katika, damu hukimbilia misuli, ili mtu apigane au akimbie. Asipoweza lolote katika hayo mawili, mara nyingi mwili huganda kama gogo. Jambo hili yatupasa tulijue vema, maana wako waulizao, "Mbona hakupiga kelele?" Kuganda si kuridhia. Ni kazi ya mwili wenyewe, wala si uamuzi wa mtu.

Hatari ikipita, ulinzi huo hupaswa kutulia. Kwa mwenye kiwewe hautulii. Miaka hupita, na mwili wake ungali zamu, kama mlinzi ambaye hakuambiwa kwamba vita vimekwisha. Ndiyo sababu maneno matupu hayamtoshi. Ukimwambia, "Sahau," akili yasikia, lakini moyo waendelea kupiga mbio.

Hapo ndipo mazoezi yaingiapo. Kutembea, kunyoosha viungo, na kuvuta pumzi kwa utaratibu humzoesha mtu kuhisi mwili wake bila ya kuuogopa. Pumzi itolewayo polepole huutuliza moyo. Misuli iliyokazana miaka mingi hulegea, na usingizi huja kwa wepesi zaidi. Walakini yapo mazoezi yanayodhuru. Moyo upigao mbio kwa zoezi wafanana na moyo upigao mbio kwa hofu, na mwili uliojeruhiwa waweza kukosa kutofautisha. Mwalimu akipaza sauti kama sajini, akimshika mtu kiuno ili amnyooshe, au akimwamuru alale chali na kufumba macho, basi amemrudisha kule kule alikotoka.

YALIYOKWISHA KUJARIBIWA

Mwaka 2014 daktari Bessel van der Kolk na wenzake huko Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wanawake 64 waliokuwa na kiwewe cha muda mrefu ambacho dawa nyingine hazikukiondoa. Baadhi yao walifundishwa mazoezi ya yoga mara moja kwa juma, kwa majuma kumi, wakikaribishwa wala hawaamrishwi. Wengine walipewa mafunzo ya afya tu. Mwishowe, katika wanawake 31 wa mazoezi, 16 hawakuhesabiwa tena kuwa wana maradhi hayo. Katika wale wengine 29, walikuwa 6.

Mwaka 2023 ukatangazwa uchunguzi mwingine, huu ukiwahusu hasa wanawake 131 waliotumikia jeshi la Marekani na kudhulumiwa humo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya namna hiyo, kundi la pili lilipata tiba ya mazungumzo inayojulikana sana. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na wa mazoezi walikamilisha mafunzo kwa wingi zaidi.

Huenda msomaji akashtushwa na jina la yoga, kwa kuwa asili yake ni ibada ya Wahindu. Kilichotumika katika tiba hii ni kunyoosha viungo na pumzi, na hayo hayana dini wala hayahitaji jina. Asiyelipenda jina aliache, achukue mwendo wake.

Wala si kila mchezo ni tiba. Mwaka huo huo wa 2014 wataalamu walichapisha habari za ligi ya mpira iliyoanzishwa kwa vijana wa Gulu, Uganda, baada ya vita. Ilitumainiwa kwamba mchezo utawaondolea huzuni. Kwa wasichana haikuonekana faida, na kwa wavulana huzuni na wasiwasi vilizidi kuliko kwa wasiocheza. Basi tusidhani kwamba kutoka jasho peke yake kwatosha.

Huko Bukavu, mashariki ya Kongo, daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, akawatibu maelfu ya wanawake walioharibiwa na vita, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Katika mji huo huo, mwaka 2011, ilifunguliwa nyumba iitwayo City of Joy, yaani Mji wa Furaha. Ilipangwa kupokea wanawake 90 kwa kila miezi sita, nao, pamoja na masomo na kazi za mikono, hucheza ngoma na kujifunza kujikinga. Mwezi Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu. Jeraha la zamani halijapona, na jipya latiwa juu yake.

HIARI KABLA YA NGUVU

Hapa kwetu mtu atauliza: "Mwanamke alima pamba, abeba maji, aanika dagaa tangu alfajiri. Mazoezi gani tena?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha habari yote. Kazi ile yafanywa kwa kulazimika: jua lataka, njaa yataka, mume ataka. Hata siku ile ya dhuluma mwili wake ulifanyiwa yale aliyoyataka mwingine. Zoezi tunalolisema ni saa moja ambayo yeye peke yake ndiye mwenye amri juu ya mwili wake. Akitaka ainua mkono, asipotaka hainui. Kiponyacho ni kule kuchagua. Mkono uliochaguliwa kuinuliwa una faida kuliko mbio za maili tano zilizoamriwa.

Sisi walimu wa madrasa twalijua hili katika kisomo. Mwanafunzi hufundishwa mahali pa kusimama na kuvuta pumzi, na anayetishwa kwa fimbo hukatika pumzi mahali pasipofaa. Akitulizwa, pumzi humtosha.

Basi kina mama wakitaka kukusanyika kwa jambo hili, wayashike haya. Kwanza, kiongozi awe mwanamke, na mahali pawe na stara, lakini mlango usikomewe, na kila mtu akae anapouona. Pili, maneno yawe ya kukaribisha: "Ukipenda, nyoosha mabega, usipopenda, pumzika." Tatu, mtu asiguswe bila ya kuombwa ruhusa. Nne, asilazimishwe kufumba macho wala kulala chali. Tano, waanze kwa yaliyo mepesi: kutembea, kunyoosha mgongo, kutoa pumzi polepole. Sita, akitoka nje asifuatwe kwa maswali, wala asitakiwe kusimulia yaliyompata. Saba, hofu ikimjia ghafula, akanyage ardhi kwa nyayo zote mbili, na avitaje vitu avionavyo mbele yake, mpaka ajue kwamba yuko hapa wala hayuko kule.

WAJIBU WA WATU WA NYUMBANI

Mazoezi hayachukui mahali pa hospitali. Aliyedhulumiwa afikishwe kwa waganga upesi, kwani dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi yapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto la kupokea mashtaka haya. Mwenye fistula, yaani anayevuja mkojo au haja kubwa kwa sababu ya kuchanika ndani, hutibiwa kwa kupasuliwa, na asianze mazoezi mazito wala kubeba ndoo mpaka waganga wamruhusu.

Lililobaki ni ulimi wetu. Wanazuoni wameafikiana kwamba mwanamke aliyelazimishwa hana dhambi. Basi ikiwa Sheria haimlaumu, jirani amlaumu kwa haki gani? Wala asionekane kuwa amevunja heshima kwa kuwa alikuwa askari: Nusayba binti Kaab alipigana Uhud akimkinga Mtume s.a.w. kwa upanga, akapata majeraha, na Waislamu wamemheshimu tangu siku hiyo. Wala mazoezi yasihesabiwe kuwa aibu kwa mke wa mtu, kwani imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alishindana mbio na bibi Aisha.

Enyi vijana, dada yenu akirudi nyumbani amenyamaza, msimlazimishe kusema. Nanyi waume, mke asiyetaka kuguswa leo hakuwachukieni. Mwili wake ungali zamu. Mpeni nafasi, mpeni wakati, na mama zetu wampe mahali pa kunyoosha viungo vyake pasipo na amri ya mtu. Mwenyezi Mungu awape shifaa wote waliodhulumiwa, atujaalie sisi tusiwe wa kuwaongezea maumivu. Amin.