Mvua Ikikukuta Voi Peke Yako: Pa Kula na Jinsi ya Kulipa Bila Presha

Umefunga safari peke yako, hema liko ndani ya begi, na mpango ulikuwa kuamka alfajiri uone ndovu wa Tsavo. Lakini mvua imeanza usiku na asubuhi bado inanyesha. Barabara za mbugani zimekuwa tope jekundu. Ndovu watakuwepo kesho. Leo, mteja wetu, shuka mjini ukale.

Voi huijui vizuri mpaka uile. Wengi huipita kwa basi la Nairobi kwenda Mombasa, au kwa treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, wakaona stesheni tu. Tunakuletea mzunguko wa siku moja ya mvua, pamoja na mambo ya pesa ambayo ukiwa peke yako hakuna rafiki wa kukuokoa nayo.

Kabla ya kutoka kwenye hema

Wengi wa wapiga kambi hulala Ndololo, kambi ya ndani ya Tsavo Mashariki, karibu na lango la Voi. Kumbuka mambo matatu.

Kwanza, malipo ya kuingia mbugani hayachukuliwi kwa pesa taslimu, yanapitia eCitizen. Piga skrini picha ya risiti, maana mtandao ndani ya mbuga unaweza kupotea. Na kabla ya kutoka, uliza langoni kama tiketi yako inakuruhusu kurudi.

Pili, Mto Voi unaanzia milima ya Taita. Mvua ikipiga huko juu, maji huweza kukufikia hata kama kwako ni manyunyu tu. Usiache hema kwenye bonde wala ukingoni mwa mto.

Tatu, usiache chakula ndani ya hema. Nyani na ndovu wana pua kali kuliko unavyodhani.

Asubuhi: mahamri na mbaazi

Voi iko kama kilomita 150 kutoka Mombasa, na asubuhi utaujua upwani uko karibu. Tafuta hoteli ndogo karibu na steji au soko, ile yenye mvuke dirishani na watu wamebanana. Agiza mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Nje mvua inapiga mabati, ndani hakuna mwenye haraka.

Hapa ndipo somo la kwanza linapoanza. Kabla ya kuketi uliza, "Hapa mnapokea malipo kwa simu?" Usingoje mpaka sahani iwe tupu. Vibanda vingi vina namba ya till iliyobandikwa ukutani, lakini vingine hutumia laini ya mwenyewe, na siku ya mvua stima inaweza kupotea na mtandao ukazubaa. Kwa hivyo beba noti ndogo ndogo, tuseme shilingi 500 kwa jumla, ndani ya karatasi ya nailoni. Hizo ni za dharura.

Saa nne: viazi karai na bhajia

Mji huu umekulia kwenye reli. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapa mwishoni mwa miaka ya 1890, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia tawi lingine likajengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Ndiyo maana sahani ya Voi imechanganyika: Mtaita, Mkamba, Mswahili na Mhindi wote wameacha alama. Viazi karai vyenye ukwaju na pilipili, bhajia za moto, chapati, mihogo ya kukaanga, vyote unavipata kwa hatua chache.

Ukilipa ukiwa umesimama chini ya mwavuli, fanya hivi: futa vidole na kioo kwanza. Kioo chenye matone hubonyeza namba usizotaka, na 150 inaweza kuwa 1,550. Halafu soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina la biashara linaweza kutofautiana na lile la ukutani, kwa hivyo uliza, "Jina ni nani?" Likilingana, endelea. Lisipolingana, katisha.

Mchana: wali, nyama, na kimanga ukibahatika

Mchana kuna wali wa nazi na maharagwe, pilau, na nyama ya mbuzi ya kuchoma au ya mchuzi. Ukitaka chakula cha Wataita wenyewe, uliza kimanga: maharagwe yaliyopondwa pamoja na mihogo, viazi vitamu au ndizi. Si kila hoteli inayo, kwa hivyo uliza wenyeji, hasa ukipanda kuelekea Mwatate na Wundanyi. Mboga nyingi za sokoni hutoka huko milimani, na ndizi hutoka Taveta. Lakini mvua ikiwa kubwa, barabara ya Wundanyi ina kona na ukungu. Ahirisha.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo huzua ugomvi mwingi siku ya mvua. Umelipa, lakini ujumbe haujaingia, kwako wala kwa mama wa kibanda. Usilipe tena papo hapo. Ombi lako linaweza kuwa limefika na ni ujumbe tu uliochelewa. Angalia salio kwanza. Kama pesa imetoka, ngojeni pamoja. Kama haijatoka, jaribu tena au toa zile noti.

Na mama akikataa kukuachilia mpaka aone ujumbe kwenye simu yake, usikasirike. Hakudharau. Kuna watu huonyesha ujumbe bandia kisha hupotelea kwenye mvua. Kwenye sahani ya shilingi 150 faida yake ni ndogo sana. Wakimpunja wawili watatu, siku nzima amepikia watu bure. Agiza chai nyingine, ngoja naye.

Jioni: mishkaki, na simu ya mgeni

Mvua ikikatika, majiko ya mkaa huwashwa na harufu ya mishkaki inakuvuta. Kula, lakini rudi mapema. Geti la mbuga lina saa zake, na boda usiku kwenye tope si mchezo.

Jioni ukiwa umechoka ndiyo saa ya matapeli. Mtu akipiga na kusema, "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie," usitume chochote. Angalia salio lako mwenyewe, si ujumbe aliokutumia. Kama kweli pesa imeingia, mwambie aombe irejeshwe kupitia huduma kwa wateja. Wewe ukikosea namba, fanya hivyo hivyo na ufanye haraka: mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha huwa kazi ngumu. Na PIN yako haiulizwi na mtu yeyote, hata sisi.

Kwa msafiri wa peke yake

• Chaji simu na pawabenki mjini kabla ya kurudi kambini.
• Menyu ya SIM haihitaji bando. Jifunze kuitumia kabla ya safari.
• Weka PIN ya laini, tofauti na ile ya pesa, ili simu ikiibwa laini isitumike kwenye simu nyingine.
• Andika kwenye karatasi namba ya mtu wa nyumbani na ya huduma kwa wateja. Simu ikizama majini, kila kitu kilichomo kimezama nayo.
• Usiweke pesa zote za safari mahali pamoja. Simu ni pochi, na pochi hupotea.

Mvua za Voi huja zaidi Novemba na Desemba, kisha Machi hadi Mei. Ukipanga safari miezi hiyo, beba koti, beba njaa, na usome jina kabla ya PIN.