Safu ya Maoni Katika Azimio la Maisha

Kila mwanachuo aliyekwisha kwenda katika mazoezi ya kufundisha anaufahamu ukurasa wa azimio la kazi. Zimo humo safu za mwezi, wiki, mada, idadi ya vipindi, zana na vitabu vya rejea. Na mwisho kabisa, upande wa kulia, imo safu nyembamba ya maoni. Safu hiyo hudharauliwa kuliko zote. Wengi huiacha tupu, au huijaza neno moja, "Imefundishwa", kutoka juu hata chini, usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi. Ilhali mwalimu aliyepanga kumaliza mada ya sehemu kwa wiki mbili, kisha akatambua kuwa watoto hawajaweza hata kugawanya, hana budi arudi nyuma, aongeze vipindi, na kuandika katika safu hiyo sababu ya kuchelewa pamoja na tarehe mpya. Hakuna mkaguzi mwenye busara atakayesema kuwa mwalimu huyo ameshindwa kazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa malengo ya mwalimu mwenyewe, yale anayotoka nayo chuoni, yanahitaji safu kama hiyo. Aghalabu mwanachuo huondoka na orodha iliyo wazi: nitafundisha miaka mitatu, nitajiendeleza, nitajenga nyumba, nitawasomesha wadogo zangu. Orodha ni njema. Tatizo ni kwamba huandikwa mara moja tu, naye mwandishi wake akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, kabla hajajua atapangiwa kituo gani.

Kabla ya kuendelea yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Dhamira ni lile jambo ambalo mtu anataka maisha yake yalitumikie. Lengo ni kituo kimoja katika njia ya kuliendea jambo hilo, nacho huwa na kipimo na tarehe. Kituo chaweza kuhamishwa mara nyingi na safari ikabaki ile ile. Asiyetofautisha mawili haya hudhani, siku lengo lake moja linapovunjika, kuwa maisha yake yote yamevunjika.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Julius Nyerere. Alifundisha Tabora baada ya masomo yake Makerere; akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarejea mwaka 1952 na kufundisha Pugu. Mwaka 1955, baada ya kutakiwa achague kati ya ualimu na siasa, aliacha kazi ya darasani. Jambo linalosahauliwa zaidi ni la Januari 1962. Wiki chache tu baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuijenga TANU miongoni mwa wananchi. Kwa mtu aliyehesabu cheo kuwa ndilo lengo, hatua hiyo haielezeki. Mwezi Desemba mwaka huo huo akawa Rais wa Jamhuri, na mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari yake. Vituo vyote hivyo vilibadilika, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu.

Hata hivyo, kiongozi mkubwa si kipimo kizuri kwa kila mtu. Wenye mafunzo zaidi kwetu ni walimu wasiojulikana majina. Mwezi Novemba 1974, huko Musoma, TANU iliazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote itimizwe mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyokusudiwa awali. Walimu hawakutosha. Kwa hiyo vijana wengi waliomaliza darasa la saba bila kupata nafasi ya sekondari walichukuliwa, wakapewa mafunzo ya ualimu vijijini huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mikutano ya ana kwa ana.

Tuitazame hali ya kijana wa namna hiyo. Lengo lake la kwanza, sekondari, lilikuwa limefungwa. Mbele yake palikuwa na kazi ambayo yumkini hakuiwazia. Mmoja aliweza kuihesabu kuwa kazi ya muda, akaketi kungojea bahati; mwingine aliweza kuandika lengo jipya: kwanza cheti cha ualimu, kisha kujisomea jioni na kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wakati huo shahada ilikuwa mbali mno na kijiji. Lakini mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na masomo ya chuo kikuu yakaweza kumfuata mwalimu kituoni kwake. Aliyekuwa amejipatia sifa hatua kwa hatua aliukuta mlango huo akiwa karibu nao. Aliyekuwa ameifuta shahada katika mawazo yake miaka kumi nyuma, wala asiitazame tena orodha, huenda hakuuona kabisa. Watu hudhani kuwa kurekebisha malengo maana yake ni kuyapunguza. Mara nyingine ni kuyarudisha yale yaliyokwisha kufutwa.

Sasa, mwalimu aandike nini katika safu yake ya maoni? "Sikuweza" haitoshi, kama vile "haikufundishwa" isivyotosha katika azimio la kazi. Chukua mwalimu aliyepanga kuweka akiba ya kujiendeleza, kisha mama yake akaugua na fedha zote zikaishia hospitalini. Aandike hivyo hivyo: fedha zilitumika kwa matibabu, nia bado ipo, nitaanza tena baada ya mavuno ya mwakani. Maneno hayo machache yanamzuia asijione mzembe, na pia yanamzuia asimlaumu mgonjwa.

Yapo malengo ambayo tangu mwanzo yaliandikwa vibaya. "Niwe mwalimu mkuu baada ya miaka mitano" ni lengo lililo mikononi mwa mwajiri. Anayelitegemea hilo peke yake atakuwa na uchungu kila orodha ya uteuzi inapotoka bila jina lake. Lililo mikononi mwake ni kujifunza kazi za uongozi, kuendesha vizuri idara aliyopewa, kutunza kumbukumbu za shule zisiwe na kasoro. Haki ya kupandishwa daraja idaiwe kwa njia zake za halali, lakini isiwekwe katika safu moja na yale ambayo mtu anaweza kuyafanya kesho asubuhi.

Yapo pia marekebisho ambayo kwa kweli ni uvivu uliovikwa kanzu. Dalili yake ni rahisi kuitambua: lengo jipya halina tarehe. Kadhalika, anayebadili azimio lake kila wiki hana azimio. Muhula mmoja mbaya si ushahidi wa kutosha. Hakuna mwalimu anayemhukumu mtoto kwa jaribio moja. Likizo ya mwisho wa mwaka yatosha kwa mapitio makubwa, na mabadiliko mazito kama uhamisho, ndoa au msiba nayo yanastahili ukurasa wake.

Jambo hili lina uzito kwa sababu mwalimu aliyekata tamaa hakai nayo peke yake. Huingia nayo darasani. Watoto sitini humsikia akisema kwamba hapa kijijini amefika tu kwa bahati mbaya, nao huelewa kuwa yeyote anayebaki hapa amekosa maisha.

Ndiyo maana swali letu la kawaida, "Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?", halifai kuulizwa mara moja na kuachwa. Mtoto hujibu daktari au rubani, darasa hucheka au hupiga makofi, na siku matokeo ya mtihani yanapotoka hana jibu jingine. Katika darasa la tano na kuendelea, kila mtoto na apewe kurasa chache nyuma ya daftari lake. Mwanzoni mwa muhula aandike anachokusudia, na kitu kimoja atakachokifanya muhula huo huo. Mwishoni aandike maoni. Akibadili, aeleze sababu. Wasimulieni habari za Kimani Maruge wa Kenya, aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya nchi yake kuondoa ada ya shule za msingi mwaka 2003. Mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuweza kuisoma Biblia mwenyewe. Watoto watacheka kwanza, kisha watauliza maswali mengi.

Kazi hiyo isipewe alama, wala isisomwe mbele ya darasa bila ridhaa ya mtoto. Kurasa za muhula uliopita zisichanwe. Mtoto anapoandika upya, awe na yale ya zamani mbele yake.