Sanitaiza Pekee Haitoshi

Januari 2014, meli ya kitalii Explorer of the Seas ilikatisha safari yake ya Karibi na kurudi New Jersey, Marekani. Zaidi ya abiria 600 walikuwa wameugua, wakitapika na kuharisha. Ugonjwa wa namna hii melini mara nyingi huletwa na norovirusi.

Kwa nini melini? Maelfu ya watu wanashika vitasa vilevile, wanakula ukumbi mmoja, wanapakua kwa kijiko kilekile. Na chembe chache tu za kirusi hiki, chini ya 100, zinatosha kukulaza.

Sasa sikia: sanitaiza ya alkoholi haikiui vizuri. Dawa ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kabla ya kula na ukitoka chooni. Palipotapikiwa pasafishwe kwa klorini.

Melini, mgonjwa hutakiwa kujitaja mapema na kubaki chumbani, na wahudumu huwapakulia watu chakula. Meli zinazoelekea Marekani hutoa taarifa maalumu wagonjwa wakifika asilimia 2 ya abiria au ya wafanyakazi.

Kinachoharibu yote ni kuficha. Abiria amelipia likizo, hataki kufungiwa chumbani. Mwanafunzi naye ana mtihani kesho, anajikaza. Hosteli ina vyoo vya pamoja na jiko la pamoja, kama meli tu. Kwa hiyo ukiharisha, waambie wenzako, na usiwapikie mpaka zipite saa 48 tangu upone.