Tabo na Mlima: Nini Kitangulie Kabla ya Kuiongezea Injini Nguvu

Kutoka Mombo, chini ya milima ya Usambara Magharibi, barabara hupanda kwa kona nyingi kupitia Soni hadi Lushoto mjini. Umbali wake ni kilometa 33 hivi, na katika umbali huo gari hupanda takriban mita 1,000, yaani kutoka mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400. Aendaye Rangwi huendelea kupanda kupitia Magamba. Magari ya njia hiyo huteremsha mboga na matunda ya wakulima, na hupandisha abiria, saruji na bidhaa za madukani. Si ajabu, basi, kwamba wenye magari hutamani injini yenye nguvu zaidi. Wale ambao magari yao yana tabo huambiwa kwamba jambo hilo ni rahisi: kompyuta ya injini ipangwe upya, na nguvu itaongezeka siku hiyo hiyo.

Ni kweli kwamba nguvu itaongezeka. Lakini ni sehemu zipi zitangulie kubadilishwa, na kwa utaratibu gani? Hilo ni swali la fizikia kabla ya kuwa swali la fedha.

HEWA NYEPESI YA MLIMANI

Injini haiishi kwa petroli peke yake. Kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. Kwa hiyo nguvu ya injini hutegemea uzito wa hewa iingiayo katika silinda.

Kadiri mtu apandavyo mlima, kanieneo ya hewa hupungua. Pwani ni kilopaskali 101 hivi, Mombo 97, na Lushoto 86. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili bila chombo chochote cha maabara: chupa ya plastiki iliyozibwa barabara Rangwi, ikiwa na hewa tupu ndani yake, huonekana imebonyea ifikapo Mombo. Kwa sababu hiyo hiyo, injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kati ya Mombo na Lushoto.

Tabo huweza kuziba pengo hilo. Ni gurudumu dogo lizungushwalo na moshi utokao katika injini. Gurudumu hilo huzungusha jingine, lililo kwenye mhimili ule ule, ambalo hushindilia hewa ndani ya silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mwaka 1918 Sanford Moss wa Marekani aliipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, wenye urefu wa mita 4,300 hivi. Injini hiyo, iliyotoa nguvu-farasi 350 mahali pa chini, ilitoa 230 tu kileleni; ilipofungwa tabo ilitoa 356. Tangu jaribio hilo, basi, tabo na mlima vimekwenda pamoja.

TABO HAIPOKEI HEWA BURE

Tuchukue gari lililopangwa Tanga mjini, ambalo kompyuta yake hudumisha kanieneo ya kilopaskali 171 katika hewa iingiayo kwenye silinda. Pale Tanga, tabo huishindilia hewa ya kilopaskali 101 hadi 171, yaani mara 1.7. Gari hilo hilo likifika Lushoto, hewa ya nje ni kilopaskali 86. Ili ifikie 171 hapana budi ishindiliwe mara 2. Dereva haoni tofauti yoyote, lakini tabo, ambayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, imelazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi.

Tena, hewa ikishindiliwa hupata joto, kama ajuavyo kila aliyewahi kushika pampu ya baiskeli. Tukichukua tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya Tanga yenye nyuzi 30 za Selsiasi itatoka katika tabo ikiwa na nyuzi 100 hivi. Hewa ya Lushoto, japo iliingia na nyuzi 20 tu, itatoka na nyuzi 112. Ubaridi wa mlimani haukuiokoa injini.

Joto hilo lina madhara mawili. Kwanza, hewa yenye joto hutanuka, hata silinda ikapata hewa pungufu. Pili, mchanganyiko wa hewa na petroli huweza kulipuka kabla mwale wa plagi haujaufikia. Huko ndiko kugonga kwa injini. Kukiendelea, pistoni hutoboka au gaskiti ya silinda hupasuka. Mwenye gari aliyetafuta nguvu hubaki njiani na mzigo wa kabichi unaooza.

UTARATIBU WA KUCHAGUA

Jambo la kwanza ni afya ya injini na vipimo vyake. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda, achunguze mipira ya hewa iliyopasuka, plagi zilizochakaa na oili inayovuja. Injini mbovu ikiongezewa nguvu huharibika upesi zaidi. Vifungwe vipimo vya kanieneo ya hewa, joto la moshi, na uwiano wa hewa na mafuta. Bila vipimo hivyo mpangaji hufanya kazi gizani.

La pili ni joto. Kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, hukaa kati ya tabo na injini. Kikiishusha hewa ile ya Lushoto kutoka nyuzi 112 hadi 50 bila kupunguza kanieneo yake, densiti yake huongezeka kwa asilimia 19 hivi. Rejeta nayo isisahauliwe. Mlimani gari huenda polepole huku injini ikifanya kazi nyingi, na upepo wa kuipoza ni haba. Zaidi ya hayo, maji yaliyo wazi huchemka Lushoto kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho kizuiacho maji yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea ni hatari kubwa kuliko bei yake.

La tatu ni njia ya hewa na moshi. Chujio liwe safi na lizuie vumbi kwelikweli, kwa kuwa chembe ndogo huweza kuyala mapanga ya tabo. Bomba la ekzosi lililo pana baada ya tabo huiwezesha tabo kuzunguka kwa wepesi.

La nne ni mafuta. Hewa ikizidi, petroli nayo izidi. Pampu na nozeli zisizotosha huacha mchanganyiko ukiwa na petroli pungufu pale injini inapolemewa, na hapo pistoni huungua. Petroli iwe na oktani isiyopungua ile iliyotajwa na mtengenezaji.

Tabo kubwa zaidi, ambayo wengi huitamani kwanza, yafaa iwe ya mwisho. Tabo kubwa huchelewa kuamka. Katika barabara yenye kona kama ile ya Soni, ambako gari hupunguza mwendo na kuvuta tena kila mara, tabo ndogo iamkayo mapema humfaa dereva zaidi.

KUSHUKA NDIYO NGOMA

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Gari la kilo 1,800 likiteremka mita 1,000 huachilia megajuli 17.6 hivi za nishati, ambazo zingetosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji. Nishati hiyo yote hupokewa na breki, na injini iliyo katika gia ndogo, na msuguano wa hewa na matairi. Kuongeza nguvu za injini hakuongezi hata chembe ya uwezo wa breki. Kwa hiyo breki, matairi na klachi ni sehemu ya hesabu ile ile, na vyapasa kuwa tayari kabla kompyuta haijaguswa.

Mashindano ya magari ya Safari nchini Kenya yalitoa ushahidi wa jambo hili. Toyota Celica yenye tabo, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986, ingawa ilishindana na magari ya magurudumu manne yenye kusukuma. Katika vumbi, joto na mashimo ya maelfu ya kilometa, kudumu kulishinda nguvu tupu.

Hayo yote yakiwa tayari, ndipo kompyuta ipangwe: hatua kwa hatua, huku vipimo vikisomwa, na kwa kukumbuka mahali gari litakapofanyia kazi. Gari litakalobeba mizigo ya Rangwi lisipangwe kana kwamba halitaondoka Tanga. Liachiwe akiba, ili tabo isilazimishwe kuizalisha mlimani kanieneo ile ile iliyoizalisha pwani.