Yamoto Band: Aslay Watano, Enock Hakuna

Oya mwana, sogea hapo kwenye benchi. Zege, chipsi mayai zetu, bado liko jikoni, tumalize ubishi wa jana. Kundi gani la kuimba limewahi kuichoma Temeke kama Yamoto Band? Hakuna. Na usianze kunitajia majina.

Kumbuka kitaa kilivyokuwa. Temeke ilikuwa ya kukaza. Kundi la TMK Wanaume, kina Juma Nature, Chege, Mheshimiwa Temba: kifua mbele, sauti kavu. 2006 Nature akachomoka na Wanaume Halisi, ubishi ukahamia kwenye daladala za Rangi Tatu. Enzi hizo, msela wa huku ukikutwa unamlilia demu kwa melodi, umeisha. Unaitwa laini mpaka unahama mtaa.

Halafu Said Fella, Mkubwa mwenyewe, yule yule wa TMK, akakusanya madogo kwenye kituo chake, Mkubwa na Wanawe. Akachomoa wanne: Aslay, Beka Flavour, Enock Bella na Maromboso. Aslay tulikuwa naye tangu 2011, Naenda Kusema, enzi anaitwa Dogo Aslay. Kufika 2014 kitaa kizima ni wao. Niseme. Nitajuta. Nitakupwelepweta. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomvuruga mshua, akakaa sebuleni anauliza hicho ni Kiswahili cha wapi. Mshua bwana! Bi mkubwa kule jikoni alishaanza kuitikia kiitikio.

Sasa sikia, moto wao haukuwa kwenye sura wala mashati ya sare. Ulikuwa kwenye kupangana. Aslay anapanda juu, koo lina kilio cha taarabu ndani yake. Maromboso anabembeleza. Beka anapita katikati na madoido yake. Halafu anashuka Enock na lile besi, ngoma nzima inakaa kitako. Toa besi, unabaki na madogo watatu wanalalamika.

Sisi tuligundua hilo kwa aibu. Kila kijiwe kilikuwa na Yamoto yake. Mnagawana nafasi, kila mtu Aslay. Aslay watano, Maromboso wawili, Enock hakuna. Mkifika kwenye sehemu yake, kimyaa, unasikia feni tu. Kuna mwana alishonesha mashati manne yanayofanana kwa fundi, mkwanja mrefu, kisha kundi likafa wiki hiyo hiyo kwa kugombea nani aimbe mwanzo. Na ule ushamba wa kumtumia manzi voisi unamuimbia ule wimbo wao wa Su saa nane usiku, pua imebana? Wana, tuliharibu michongo mingi.

Ndiyo maana walipoachana kitaa kiliumia. Mimi naona hesabu yenyewe ilikuwa ngumu: shoo moja, vichwa vinne, na kila kichwa kina mashabiki wake wanaolitaja jina lake peke yake. Marekani walishapita humo. The Temptations wa Detroit, wale wa Motown, 1968 walimtoa David Ruffin, sauti yenyewe ya My Girl. Wakamweka Dennis Edwards, safari ikaendelea. Kule kundi ndilo jina. Huku kwetu jina ni la mtu. Nani angekubali Aslay wa kuazima?

Basi kila mmoja akashika njia. Aslay 2017 hakutuachia hata pumzi: Angekuona, Muhudumu, Natamba, hujamaliza kukariri moja nyingine ishatoka. Beka akaja na Libebe. Maromboso 2018 akatua WCB Wasafi, akawa Mbosso, na 2021 akashusha albamu, Definition of Love. Wametusua, na kila mmoja nampa heshima yake. Ila leo kuwasikia unalipia kichwa kimoja kimoja. Tiketi ya mmoja inakula zege la wiki nzima, na ukiingia ndani soda wanakuuzia kama mafuta ya ndege. Na bado ile sauti ya wanne hupati. Nimesikiliza za kila mmoja, na kila nikifika katikati ya wimbo masikio yanamsubiri mwingine aingie.

Jana usiku hapa hapa, bajaji imepaki, redio juu, ikapigwa Nitajuta. Benchi zima likaruka. Aslay watano, kama kawaida. Maromboso wawili. Tukafika kwenye sehemu ya Enock, tukaanza kutazamana.

Muuza chipsi, yule bro asiyeongea, anayejibu "tomato?" na "pilipili?" tu, akaacha mwiko ndani ya mafuta. Akafunga macho. Akashusha besi zito, safi, mpaka mwisho wa mstari.

Zege liliungua. Tulilipa lote.